Siku Picha ya Baba Ilipotoka Safi

Wiki jana, katika kliniki moja ya Kitengela, niliona picha ya ubongo kwenye kompyuta ya daktari, nikamkumbuka baba, nilipokuwa mtoto, akiinua ya kwake dirishani.

Alikuwa ametoka Nairobi na bahasha kubwa, shati likinuka dawa ya hospitali. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka kwa miezi mingi. Mama aliacha omena motoni akaja kusimama karibu naye.

"Picha ni safi," baba alisema.

Nilitoka mbio hadi kwa jirani yetu, Mama Naserian. "Baba amepona!" Akaja na kibuyu cha maziwa yaliyonukia moshi, akamjazia kikombe. Baba alikipokea kwa mikono miwili, na bado maziwa yakamwagikia shati. Nilitamani kujificha.

Baba ndiye aliyecheka. "Mama Naserian, picha imesema sina uvimbe kichwani. Ugonjwa wenyewe haukuonekana, lakini daktari anaujua. Nao utaendelea." Kisha akamshukuru kwa Kimaasai, "Ashe oleng," akanywa yaliyobaki.

Sasa najua picha ile ilitafuta magonjwa mengine. Huu wake wa kutetemeka daktari aliutambua kwa kumtazama akitembea. Mimi nilidhani safi ni kupona.

Jumatatu alirudi darasani, akawaambia wanafunzi wasiuogope mkono wake. Alifundisha hesabu mpaka ugonjwa ulipozidi, chaki ikakataa kukaa vidoleni, halafu akafundisha kwa mdomo, wanafunzi wakipokezana kuandika ubaoni.