Watoto wa Mama Mapipa

Wifi yangu tulimwita Mama Mapipa, na jina hilo alilipata kwa haki. Kazi yake ilikuwa kuangalia pipa. Si pipa la maji, jamani! Pipa la chuma linalong'aa, refu kumpita mtu, kwenye kiwanda cha dawa ng'ambo ya reli. Ndani yake wanaishi bakteria waliopachikwa jeni ya binadamu na wataalamu. Wanakula, wanazaana, na wanaitema insulini kwenye yale maji wanamoogelea. Ndiyo homoni ileile ya kushusha sukari ambayo mwili wa kaka yangu, mumewe, uligoma kuitengeneza tangu ujana wake. Mwishoni maji huchujwa na kusafishwa, bakteria wenyewe wanauawa kwa mvuke, na kinachofika kwenye kichupa ni dawa tupu. Ile sehemu ya mvuke wifi hakuisimulia nyumbani. Ilimtia simanzi.

Maana yeye bakteria wale aliwaita "wanangu". "Leo wanangu wamekula vizuri." "Leo wanangu walizidiwa na joto, nimewapoza." Yeye na kaka hawakujaliwa mtoto, na watu wa mtaani wana midomo, lakini kaka aliwawahi kabla hawajamaliza. "Mke wangu ana watoto mabilioni, na wote wameajiriwa! Wa kwako wangapi wana kazi?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Asubuhi, kabla ya kujichoma sindano, kaka alikuwa anainua kichupa dirishani. "Hamjambo wanangu? Haya, ingieni kazini." Wifi anamrushia kitambaa cha vyombo: "Wewe mzee, utakua lini?" Mimi, nikiwa nimelala kwao, nasonya, chai inapoa.

Hadithi moja wifi aliipenda kuliko zote. Mbegu ya bakteria wale hukaa kazini kwenye friza kali, imeganda kama jiwe, miaka na miaka. Siku ya kuanzisha pipa jipya wanaitoa, wanaipasha joto taratibu, wanaipa chakula, na kesho yake wote wako macho. "Hawafi," alikuwa akisema. "Wanalala tu." Kaka alisikiliza kidevu mkononi, kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Msimu ule wa joto umeme ulikuwa wa kubahatisha. Pipa jipya likaanzishwa, na pipa changa haliachwi, kwa hiyo wifi akawa analala kiwandani. Aliondoka akisema, "Dawa isipate joto, mume wangu. Joto linaiua."

"Nimesikia."

Na kweli alisikia, hilo ndilo linaloniuma. Friji ilipoanza kuwa vuguvugu, alivibeba vichupa vyake vyote akavipeleka kwa jirani muuza barafu, mwenye jenereta, akavifukia ndani ya friza. Akitaka kujichoma anachukua kimoja, anakipasha joto viganjani. Hakumwambia mtu.

Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta anakunywa maji kwenye jagi, hajali hata glasi. Macho yamezama. "Sindano nimechoma," akaniambia, "na nyingine nimeongeza."

"Nimpigie wifi?"

"Mwache. Yuko na watoto."

Kaka yangu alikuwa mbishi, Mungu amrehemu, na nina hasira naye mpaka leo. Mtu mzima, unaishi na mke anayepika dawa yako mwenyewe, humuulizi? Unaona aibu gani? Alipoanza kutapika na kuhema kwa nguvu sikumsikiliza tena. Niliita teksi, nikampigia wifi.

Alitukuta wodini, hajavua hata buti zake nyeupe za kazini. Madaktari walikuwa wamemtundikia dripu na insulini nzima, lakini maji yalishazidi unga. Kaka akafungua macho. Akatabasamu, jamani. Akatabasamu!

"Mama watoto," akasema, "wanao safari hii wamegoma kuamka. Niliwalaza kwenye barafu, joto lisije likawaua. Nikawapasha taratibu, kama mnavyofanya."

Nikauona uso wa wifi unavyobadilika. Mimi nilikuwa bado sijaelewa kitu. Akamshika mkono, akamfuta jasho la kipaji. "Umefanya vizuri, mume wangu," akamwambia. "Wataamka. Wewe pumzika."

Kaka alifariki alasiri ile.

Kwenye benchi la korido ndipo wifi aliponieleza. "Mle kwenye kichupa hamna kiumbe, wifi. Ni dawa tu. Ikishaganda imeharibika, hata uipashe vipi. Miaka yote alikuwa anawaamkia, na mimi nacheka. Nilidhani anatania."

Nilitaka kumkasirikia, nilimtafutia neno la kumkata maini, sikulipata. Na mimi nilidhani anatania. Sote tulidhani.

Baada ya maziko alirudi kazini, maana angefanya nini? Nilihamia kwake. Hadithi za pipa ziliisha. Jioni moja akanidokeza kwamba wameitoa mbegu kwenye friza, wanaanza upya. Kesho yake alirudi, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha kaka. Nikammiminia chai.

"Vipi wanao?" nikamuuliza.

"Wameamka, wifi," akasema. "Wote." Halafu akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.