Tata, Mtamba Wangu na Neno Hapana

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu kila wiki ni kutoka jikoni hadi zizini, na hata hiyo huwa napumzika katikati. Labda ndiyo maana nilifika umri huu bila kumwambia mtu hapana usoni. Hapa kwetu Mukurweini, hapana tunaivalisha sweta kwanza. Tunasema “tutaona”, na hata mtoto anajua mambo yameisha.

Mwalimu aliyetoka magharibi mwa nchi kuja kufundisha hapa, akapanga chumba changu cha nje, hakujua. Aliniomba kona ya shamba apande kunde.

“Tutaona,” nikamwambia.

“Tutaona lini? Alhamisi?”

Sijawahi kuulizwa swali hilo maishani. Alhamisi alikuwa akipanda kunde kando ya migomba yangu.

Shida yangu kubwa, lakini, ilikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye sote tunamwita tata. Ng’ombe wake alikufa, naye akamtaka mtamba wangu, yule niliyemlea kwa chupa, sasa ana mimba ya miezi saba. Sikuwa na ng’ombe mwingine. Mara mbili tata alikuja, mara mbili nikasema tutaona. Mara ya tatu alikuja na kamba. Nikamwita mwalimu tunywe chai pamoja kwa nduma, magimbi ya kuchemsha, angalau niwe na shahidi.

Tata alianza na yeye. “Mwalimu, Jumamosi utakuwa unakuja kwangu ufundishe mjukuu wangu hesabu kidogo.”

“Hapana, mama,” mwalimu akasema. “Jumamosi nafua, halafu nalala. Hizi nduma ni tamu sana.”

Nikaangalia paa. Nilikuwa na hakika litatuangukia. Tata akamsogezea sahani ya nduma. “Kula basi,” akasema. Nimeuona mlima wetu asubuhi ukiwa mweupe kwa theluji, bila wingu hata moja, na sikushangaa hivyo.

Tata akanigeukia. “Na wewe? Niko na kamba hapa.”

“Hapana, tata,” nikasema, na kwa kuwa mazoea ni mazoea, nikaendelea: si kwa ubaya, unajua vile nakuheshimu, mvua nayo imechelewa, hata daktari wa mifugo alisema…

Alisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri lori la mawe lipite. “Kwa hivyo ni hapana?”

“Ni hapana.”

“Ungesema siku ya kwanza, magoti yangu yangekushukuru. Umenipandisha huu mteremko mara tatu, ati tutaona.”

“Lakini tata, si unajua tutaona ni hapana?”

“Ya watu wengine. Yako huwa naingoja iive.”

Mwalimu alicheka hadi nduma ikamkwama. Tata akanyoosha kikombe, akataka chai nyingine. Nilimmiminia, nusu ikaingia kwenye sahani, na huko nje mtamba wangu aliendelea kutafuna majani ya nepia kana kwamba hakuna lolote kubwa lililotokea duniani.