Mwalimu Anayejijibu

Juzi, kwenye mafunzo yetu walimu wa Kiingereza mjini Garsen, mwenzetu wa Golbanti anayekaribia kustaafu aliitwa mbele atufundishe kana kwamba sisi ni darasa lake. Aliuliza swali, akalijibu mwenyewe. Akauliza jingine, akalijibu pia.

"Mwalimu, mbona hutungoji?" mkufunzi akamuuliza.

"Nikingoja, wanafunzi wananitazama tu. Miaka yote hii hawajanijibu."

"Jaribu sasa. Uliza, kisha funga mdomo."

Akauliza, akanyamaza. Jasho likamtoka, chaki ameikamata kwa nguvu.

"Mzee, jibu limekupotea?" mmoja akamtania, tukacheka.

Ndipo mwalimu mmoja wa kike kutoka Nanighi, ambaye hakuwa ametamka neno tangu asubuhi, akajibu polepole, kwa Kiingereza safi.

Mzee akaketi. "Kumbe ni mimi niliyekuwa nikiwanyima nafasi," akasema.

Mimi, tangu nimzike mke wangu, nikiingia nyumbani huwasha redio kabla sijavua viatu. Jumatatu, nikirudi shuleni, nami natakiwa niulize swali, niuvumilie ukimya. Darasani angalau yuko wa kujibu.