Mstari Ambao Haujawahi Kusomwa

Dada yangu tulimwita Bi Ubishi tangu utotoni, na jina lilimkaa. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kuhakikisha. Mama alikata tamaa kwamba ataolewa. Akaolewa, na shemeji akajifunza kunyamaza.

Kazi yake ni kuandika programu. Hospitali ya watoto ninakofanya kazi ilimtaka aandike ya kulinda friji za chanjo: kompyuta isome joto la kila friji, na likipanda, itume ujumbe kwenye simu ya muuguzi wa zamu. Muuguzi mwenyewe ni mimi. Chanjo iliyopata joto haibadiliki rangi wala harufu. Unamchoma mtoto kitu kisichomkinga, na mama yake anakushukuru.

Asubuhi ya uzinduzi, meneja wa hospitali aliingia chumba cha chanjo na wageni wake, tabasamu sikio kwa sikio. Bi Ubishi akamwambia programu haijawa tayari.

"Si umeikompaili jana mbele yangu? Haikutoa kosa hata moja!"

"Bosi, kukompaili kwa lugha hii ya programu ni kukagua tu kama mabano yamefungwa na sentensi zimenyooka. Kama kitu ambacho programu inakihitaji kipo kweli, kompyuta inajua ikifika kwenye mstari wake. Na mstari wa kutuma ujumbe haijawahi kuufikia."

"Kwa nini?"

"Friji hazijawahi kupata joto."

"Sasa hiyo si habari njema?" Wageni wakacheka. Mimi nilitamani kumrushia kitu.

Kwenye kompyuta yake, dada alikuwa ameujaribu mstari ule na ujumbe ukaenda. Kwenye hii ya hospitali alikatazwa, eti atatusumbua wauguzi na ujumbe wa uongo. Kana kwamba tuliulizwa.

"Nitaujaribu sasa hivi," akasema.

"Usiguse hiyo friji!"

Dada akafungua mlango wa friji, akaitoa nje ncha ya waya wa kipimajoto, akafunga, kisha akaifumbata kiganjani. Chanjo hazikuguswa. Namba kwenye kioo cha kompyuta zikaanza kupanda. Niliweka simu yangu mezani, wote waione. Meneja alikuwa amevimba mishipa ya shingo.

Namba zikavuka kiwango. Simu kimya. Kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu: kifurushi cha programu cha kutuma ujumbe hakipo kwenye kompyuta hii. Programu ikazimika palepale, friji zote zikabaki bila mlinzi.

"Umeiharibu mbele ya wageni!"

"Imeharibika mkononi mwangu, bosi. Ulitaka iharibikie kwenye paja la mtoto?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Utaniomba radhi," meneja akasema.

"Kifurushi kilichokosekana ni kosa langu, hilo naomba radhi. Kufumbata waya, siombi. Leo siombi, na kesho usitegemee."

Nilijua anaweza kufukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Nilimjivunia mpaka macho yakaniuma. Akaketi, akakiweka kile kifurushi, akaiwasha programu upya, akafumbata waya tena. Namba zikapanda. Simu yangu ikalia, ikatetemeka hadi ukingoni mwa meza.

Meneja akashusha pumzi. "Haya, imetosha. Wageni, karibuni tupige picha."

"Bado friji ya pili," dada akasema, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango wa friji hiyo.