Mapazia ya Chumba cha Mama

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Sista, basi. Watoto wa chekechea wakipita mlangoni kwake humwamkia "shikamoo Sista", na hata mama yake mzazi, akitaka kumchokoza, humwita hivyo hivyo. Ameuguza watu miaka ishirini na saba katika wodi ya wanawake, na kama umewahi kulazwa pale unamjua: viatu vyeupe visivyo na doa, saa iliyobandikwa kifuani, na sauti ya chini ambayo haijawahi kuhitaji kurudia jambo. Hajaolewa. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia alikuwa zamu.

Mimi ni jirani yake. Nashona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, na kati ya ua wake na wangu kuna kigeti tulichokitoboa wenyewe ukutani ili tusizunguke barabarani kila tunapotaka kuombana chumvi. Tangu mama yake ahamie kwake, chumvi ilipigwa marufuku nyumbani humo, kwa hiyo mwenye chumvi nikabaki mimi peke yangu. Nasimulia habari hii kwa sababu mtaa umeisimulia vibaya, na kwa sababu nilikuwamo. Sitajitetea sana. Nitajitetea kidogo tu, maana na mimi ni binadamu.

Mama alikuja miaka sita iliyopita, baada ya kuteleza bafuni na kulala sakafuni nusu siku bila mtu kujua. Alikuwa na presha, sukari, na goti lililovimba kama boga. Sista alimpokea kwa namna aliyoijua. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, kipimo cha presha mkononi. Saa moja, uji usio na sukari. Saa tatu, mizunguko kumi ya ua huku akihesabiwa kwa sauti. Saa nane kulala, atake asitake. Ukutani jikoni kulikuwa na karatasi yenye mistari, na kila kitu kiliandikwa humo: alichokula, alichobakiza, ameenda msalani mara ngapi. Sista akiwa kazini mwandishi nilikuwa mimi. Mara mbili tatu niliandika "uji" wakati Mama alikuwa amekunywa soda ya baridi kwangu, miguu juu ya kigoda, akicheka peke yake. Kwa hiyo uongo wetu haukuanza Krismasi. Ulianza na soda.

Lakini tusimwonee Sista. Goti lilipona. Sukari ilishuka mpaka daktari akasema huyu mama atatuzika sote. Alipoitwa kwenda kusomea cheo cha juu, mwaka mzima nje ya mji, alikataa bila hata kumwambia Mama kwamba ameitwa. Aliniambia mimi. Mambo yake yote alikuwa akiniambia mimi.

Mwezi wa kumi na moja, Mama akaingia kwangu kupitia kigeti akiwa na gauni begani. Alisema pindo limefumuka. Nikaligeuza, nikaona pindo zima kabisa. Akakaa, akangoja nizime cherehani.

"Fundi, mimi sijalazwa," alisema. "Nimezeeka tu."

Akaniomba simu. Akampigia mwanawe mkubwa, mwalimu mkuu wa shule fulani mbali na hapa, ambaye nyumba yake imejaa wajukuu na kelele. Alimwambia anataka kwenda kukaa mahali ambapo watu wanagombana, sahani inachelewa, na hakuna anayehesabu hatua zake. Mwalimu alifurahi. Wakapanga kwamba Krismasi, familia itakapokuja kula kwa Sista kama kila mwaka, wataondoka naye. Na Mwalimu akaapa kwamba yeye mwenyewe ataongea na dada yake wiki mbili kabla. Nilimuuliza Mama kwa nini asimwambie bintiye uso kwa uso. Akasema akimwambia, atapimwa.

Kazi yangu mimi ilikuwa nguo. Kila baada ya siku mbili alipita kigetini na gauni moja: hili la kupunguzwa, lile la kubadilishwa zipu. Niliyakunja na kuyapanga katika sanduku langu la kijani, kwa sababu lake lilikuwa limekatika mkanda. Sista aliona safari hizo za kigetini na akapendezwa. Kwenye karatasi ya jikoni aliandika: "Ametembea hadi kwa jirani, peke yake, bila fimbo." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kama na fundi wa hizo nguo anahusika.

Sasa niseme ukweli unaonichoma. Mama aliniamini akanipa siri, nami nilivimba kichwa. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Kuona mama wa mwenzangu anavuka ua kuja kunong'ona na mimi badala ya bintiye, nilijisikia nimechaguliwa. Huo ndio utetezi wangu, na najua ni mwembamba.

Siku nne kabla ya sikukuu, Sista alikuja na kitambaa cha manjano chenye maua meupe. Nilijua kwa hesabu zangu kwamba Mwalimu ameshaongea naye, na nikajiandaa kumpa pole. Badala yake alikuwa anatabasamu, jambo ambalo kwa Sista ni kama wewe na mimi kucheza ngoma. Ameshapaka rangi chumba cha Mama wakati Mama yuko kwangu, alisema. Amebadilishana zamu, amefanya Jumapili tatu mfululizo za mwenzake, ili apate siku nne nzima za Krismasi. Alitaka mapazia. Alitaka Mama akiamka siku yenyewe ayaone.

Nilichukua futi yangu nikaenda. Yeye alishika ncha moja juu ya dirisha, mimi nikashika nyingine chini. Rangi ilikuwa bado inanuka.

"Najua namchosha," alisema, akiwa bado amenyoosha mkono juu. "Kupima ndiyo kazi ninayoijua. Lakini siku hizi nne sitampima kitu. Nataka nikae naye tu, tuone inakuwaje."

Pale ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nao. Nilisoma namba kwenye futi, nikaiandika kwenye kiganja changu, nikamwambia kitambaa kitatosha. Nilipofika kwangu nikampigia Mwalimu kabla sijakaa. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, atazungumza naye kesho, kisha kesho, kisha akasema hebu tusimharibie sikukuu, nitamweleza palepale mezani kwa upole. Nami nikaketi nikashona mapazia. Nilikunja upindo mara mbili, nikaupitisha kwa mkono ili uzi usionekane. Sijawahi kushona kitu vizuri hivyo.

Siku ya Krismasi walifika karibu na saa sita: Mwalimu na tai yake, mkewe aliyebeba keki mapajani safari nzima, na wajukuu ambao waligawanyika ndani ya nyumba ile safi kama mchele uliomwagika. Mimi nilikuwa nimeshafika tangu asubuhi, kama kila mwaka. Nilikuwapo Mama alipoamka akayaona mapazia. Alikaa kitandani akayatazama, machozi yakamtoka, na Sista akamshika bega akasema, "Si kitu, Mama, ni kitambaa tu." Mama akanitazama mimi. Nikatoka kwenda kuangalia maji ya chai ambayo hayakuwa yamewekwa motoni.

Mezani kulikuwa na chumvi. Kikopo kizima, katikati ya meza, na Sista alikiweka mwenyewe mbele ya mama yake bila kusema neno. Karatasi ya jikoni ilikuwa imebanduliwa. Sista alikula polepole, akawaacha watoto wamwage soda, akacheka mzaha wa kaka yake unaorudiwa kila mwaka. Wifi yake hakuweza kumtazama. Mwalimu alimsifia chakula mara tano, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kila aliposafisha koo mimi niliacha kutafuna. Kisha akafuta mdomo, akasema anatoka kidogo.

Nilidhani anakwenda kujipa moyo. Mwanaume mzima, anayesimamisha wanafunzi mia sita mstarini, alikuwa anakwenda nyumbani kwangu. Alirudi kupitia kigeti akiburura sanduku la kijani, akapita nalo uani mbele ya dirisha la chumba cha kulia, kuelekea kwenye gari. Baadaye alinieleza kwamba aliona afadhali dada yake ajionee mwenyewe, halafu maswali yafuate.

Sista alisimama. Sanduku lile alilijua kuliko mtu yeyote. Miaka kumi na tisa iliyopita, niliposhuka mtaani hapa nikiwa nimemzika mume wangu, yeye ndiye aliyenipokea hilo sanduku barabarani, akalibeba kichwani hadi ndani bila kuniuliza mimi ni nani.

Aliniuliza kama nasafiri. Nikaanza kukusanya sahani. Aliangalia meza nzima, mtu mmoja mmoja, jinsi anavyopita kitanda kwa kitanda, na alipofika kwa Mama akasimama hapo.

"Mama, wamekushawishi?"

"Hapana, mwanangu. Mimi ndiye niliyewaita."

Ningependa kusema alilia, au alipasua sahani. Mtaa unasema alipasua. Alikaa chini, akamalizia maji yaliyokuwa kwenye glasi yake. Mwalimu akaingia, akaanza hotuba kuhusu mapumziko na kubadilisha hewa, na kwamba hakuna aliyetaka kumzunguka. Sista alimwacha aongee mpaka akaishiwa. Kisha akaenda chumbani kwa Mama, akarudi na mfuko wa dawa.

Nesi hatoki zamu bila kukabidhi. Hiyo ni sheria yao: anayetoka na anayeingia husimama pamoja kando ya mgonjwa, na anayetoka husema yote. Sista alisubiri Mama akae garini, akamfunga mkanda, akamwita wifi yake asimame mlangoni pa gari, na akaanza, mikono nyuma.

"Miaka sabini na minane. Presha, na sukari ya ukubwani. Kidonge cheupe kimoja asubuhi, akishakula. Cha waridi, nusu, jioni. Asipande ngazi peke yake, goti la kushoto humdanganya." Hapo akampa mfuko wa dawa. "Usiku kama saa tisa humwita Baba. Haumwi. Mwitikie tu, atalala. Asubuhi hakumbuki. Una swali?"

Wifi akatikisa kichwa. Mama, ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba humwita marehemu mumewe, wala kwamba miaka sita kuna mtu anaamka kumwitikia, aliweka kiganja kwenye kioo cha gari. Sista alikitazama, akampungia kaka yake mkono kwamba njia ni nyeupe, aendeshe.

Gari likaondoka. Tukabaki wawili mbele ya nyumba, na mimi nikaanza kusema maneno, sijui maneno gani, kwamba Mama ndiye aliyeomba, kwamba Mwalimu aliniahidi, kwamba nilidhani. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja.

"Siku ile unapima dirisha, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Kaka ni mwoga, hilo nalijua tangu utotoni," alisema. "Mama amenichoka, ana haki. Hao nilizaliwa nao. Wewe nilikuchagua."

Akaingia ndani. Siku iliyofuata, ya pili kati ya zile siku zake nne, nilimwona amevaa viatu vyeupe anakwenda kazini.

Hatukugombana, na hilo ndilo linalonitesa. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia kuomba radhi. Sista ananisalimia kila asubuhi. Ananiuliza nimelalaje, kama miguu imepungua kuvimba, na anasubiri jibu hadi mwisho, kama anavyowauliza watu wanaosubiri nje ya wodi na ambao hataki kuwajua zaidi ya hapo. Nguo zake za kazi anapeleka kwa fundi wa mtaa wa pili. Nimeziona. Mshono wa begani umekaa upande.

Krismasi iliyofuata alichukua zamu ya mchana kutwa, akaondoka kabla hakujapambazuka. Nilipika kuku mzima, kwa mazoea. Saa nane Mama akapiga simu. Nyuma yake kulikuwa na kelele za wajukuu na sahani, na sauti yake ilikuwa na furaha, ila alikuwa akiuliza jambo lile lile kwa njia tatu. Simu ya bintiye haipokelewi. Je, hajambo? Anakula? Nisimwache peke yake siku kama hii, mimi ndiye mtu wake.

Nikamwambia Sista yupo hapa hapa kwangu, tumekula pamoja, ameenda tu kunawa mikono.