Gauni Halidanganyi

Mimi nashona mapazia. Mapazia hayanenepi, hayakondi, wala hayaji kukulilia mbele ya kioo, ndiyo maana nikayachagua. Mwenzangu tunayegawana chumba cha kazi alichagua magauni ya wanawake, na nitamsema hapa bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana hasira zangu juu yake hazijaisha zote.

Wateja humwita Bi Akiba. Kila gauni analoshona huacha kitambaa kipana ndani ya mshono wa ubavuni, akiba ya siku mwili utakapoongezeka. Hilo ni jema, fundi mwenye utu hulifanya. Ubaya wake ni kwamba alikuwa hasemi. Mwanamke akileta gauni libadilishwe zipu, Bi Akiba humtupia jicho moja kuanzia begani hadi nyongani. Akishaondoka, anafumua ubavu, anauachia kidogo, anashona upya. Mteja akija kujaribu, gauni linampwaya. Anazunguka mbele ya kioo akisema amepungua, na Bi Akiba, pini mdomoni, anamjibu kwamba amependeza. Nilipomuuliza kwa nini anawadanganya watu wazima, alisema wanawake hawa wanasemwa na waume, wanasemwa na mama zao, wanasemwa hadi na watoto waliowazaa. Humu ndani angalau wapumue.

Sasa huyo wifi yake. Ni mdogo wa mumewe, muuza viatu, mtu wa kicheko kikubwa. Alileta gauni la buluu alilotaka kuvaa kwenye mahafali ya bintiye. Zipu ilikuwa imepasuka, na kila mwenye macho aliona kwa nini. Akatuambia kwa furaha kwamba ameanza kunywa unga wa kupunguza mwili, unaouzwa saluni ya jirani kwenye mkebe wenye picha ya majani. Bi Akiba akafanya yake ya siku zote. Wifi aliporudi, gauni likamwingia likabakiza nafasi ya ngumi.

Alitoka nalo mwilini mbio hadi saluni. Mwenye saluni hakuwa na dogo: akampiga picha akiwa ameshika kitambaa kilichozidi kiunoni, akaikuza, akaitundika juu ya kioo. Tangu hapo kila aliyekaa kusuka aliitazama, na wengi waliondoka na mkebe. Mizani hakuna aliyeipanda. Na wifi, kwa kuwa unga umemkubali, akaanza kunywa asubuhi na jioni.

Kwanza alichoka. Kisha akawashwa mwili mzima, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Siku tuliyomkuta dukani ameegemea maboksi ya viatu, weupe wa macho yake ulikuwa manjano. Tukamshika huku na huku hadi hospitali.

Daktari aliyempokea, mama mwenye sauti ya chini, aliuliza anakula nini na kunywa nini. Ulipotajwa unga, akataka mkebe. Akasema ini limeumia, na ingawa hawezi kuapa bado kwamba ni unga huo, vitu vya aina hii vimewahi kuonekana vikiumiza maini ya watu, kwa hiyo auache leo hii. Wifi akagoma. Alisema ataupunguza, hataacha, maana ndio uliomsaidia.

Daktari hakumkaripia. Alieleza kwamba dawa nyingi kama hizi huuzwa bila mtu kuthibitisha zinafanya kazi. Zile zilizopimwa vizuri, watu waligawanywa makundi mawili: wengine wakapewa kitu chenyewe, wengine kitu kitupu kinachofanana nacho, na hakuna aliyejua kapata kipi. Mara nyingi tofauti ya uzito mwishoni ilikuwa ndogo mno, au haikuwepo. Wa kitupu nao waliapa kwamba nguo zinawapwaya.

"Hao hawakuvaa gauni langu," wifi akasema. "Watu hudanganya, daktari. Gauni halidanganyi."

Nikamtazama Bi Akiba. Alikuwa anaangalia sakafu kama mtu aliyedondosha sindano.

Njiani nilimsubiri aseme. Badala yake akaingia saluni na kuja juu, akamwambia yule mwanamke aishushe picha, wifi yake anaumwa. Mwenye saluni hata kitana hakukiweka chini. Akauliza kwa upole, tena mbele ya wateja, kama gauni lile halikushonwa na Bi Akiba mwenyewe, na kama halimpwayi wifi yake. Bi Akiba akageuka, akatoka. Hasira zilinipanda hadi nikasahau pa kuzipeleka. Muuza unga alikuwa mwongo, lakini ushahidi wa uongo wake alishonewa bure chumbani kwetu.

Tulipofika kazini nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza neno. Hakubisha. "Kile kitupu alichosema daktari ni mimi," akasema. Akachukua mkasi wake mdogo.

Nyumbani kwa wifi, alikoruhusiwa kuugulia, alilikuta gauni la buluu limetundikwa mlangoni. Akalitandaza magotini pa mgonjwa na kuufumua ubavu pale pale. Ndani, mbali kidogo na mshono mpya, ulionekana mstari wa vitundu vya sindano, umenyooka kutoka kwapani hadi nyongani, mahali mshono wa zamani ulipokuwa. Wifi aliupitisha kidole polepole. Mkebe ulikuwa bado kando ya kitanda, kijiko ndani.

"Hukupungua, wifi. Niliachia mimi."

"Na lile la mwaka jana?"

"Nalo."

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako." Hakupaza sauti. "Mimi nakunywa sumu, wewe unanipigia makofi kwa sindano. Rudisha mshono ulipokuwa. Sasa hivi."

Bi Akiba alishona kwa mkono, machozi yakimchuruzika, na sikumhurumia. Wifi akavaa. Zipu ikagota katikati ya mgongo, nyama ikatokeza pande zote mbili. Tulimwambia apumzike, hakutusikia. Akauchukua mkebe, akatembea hivyo hivyo barabarani, macho yake ya manjano, mgongo wazi, sisi nyuma yake, hadi saluni. Akasimama chini ya picha yake, akawageuzia mgongo wanawake waliokuwa wakisukwa.

"Huyu ndiye mimi baada ya unga," akasema. "Yule pale ni kazi ya fundi."

Akaishusha picha mwenyewe. Mkebe akauacha kwenye sinki.

Ini lilichukua muda kupona, na kwa muda wote huo hakumsalimu Bi Akiba. Kisha asubuhi moja akaingia chumbani kwetu na lile gauni mkononi, mahafali yakiwa yamekaribia, akalibwaga juu ya cherehani.

"Liachie linitoshe," akasema. "Na safari hii nipime mbele ya kioo, uniambie nilivyo."

Bi Akiba akauvuta utepe wa kupimia kutoka shingoni.