Kota Zisizo na Dari

Mwanangu alizaliwa mguu umepinda kwa ndani. Hospitali Mpanda wakasema atafungwa plasta mpya kila wiki mpaka unyooke, na nikikosa hata wiki moja tunaanza upya. Baba yake akasema utanyooka wenyewe akianza kukimbiza ndama. Nikamwambia abaki na ndama zake. Nikambeba mtoto mgongoni, plasta inanigonga kiunoni, mkononi ndoo ya maziwa mgando ya kumshukuru atakayetupokea, nikatoka Kasekese kwenda mjini kutafuta chumba.

Mpanda nilishapita mara nyingi, lakini kupita siyo kuangalia. Nilianzia Kawajense, kwenye nyumba mpya zenye mageti na vigae. Jibu lilikuwa lile lile: "Una mtoto mchanga? Hapana dada, sisi tunapenda utulivu." Utulivu! Utafikiri wao walizaliwa na ndevu.

Nikashuka upande wa reli, kwenye mji wa enzi za mgodi wa madini ya risasi. Maghala marefu yana milango ya kupitisha lori zima, na kufuli zimeota kutu. Mitaa imenyooka kama imepigwa kamba. Walioipanga walikuwa wanawaza mzigo ufike kwenye treni, basi. Ila stesheni ina kuta nene na kivuli kipana. Nilikaa pale nikanyonyesha, hakuna aliyenifukuza. Tangu asubuhi ndiyo mara ya kwanza kupumua.

Halafu nikafika kwenye kota. Vyumba vya mstari, paa moja refu, madirisha juu kama ya stoo. Zilijengwa kwa ajili ya wanaume waliokuja kuchimba bila wake zao, na aliyechora ile ramani hakuwahi kubeba mtoto, naapa. Lakini watu wamezilainisha wenyewe. Huku pazia la maua, kule kopo la mchicha, na saruji ya baraza imeng'aa kwa kukaliwa.

Nilivyolelewa mimi, mgeni haingii. Anashusha mzigo nje, anasimama pembeni mpaka aulizwe shida yake. Nikashusha ndoo, nikasimama.

"Mama maziwa! Bei gani?" Mwanamke akachungulia kutoka mlango wa karibu.

"Siuzi."

"Huuzi, na ndoo umeitega mlangoni kwangu? Nyie Wasukuma bwana, mnataka hadi tuwabembeleze kununua?"

Wengine walishatoka na vikombe. Hasira ikanipanda.

"Natafuta chumba! Nina mtoto, ana plasta, analia sana, na asiniulize mtu tena maziwa bei gani!"

Vikombe vikashushwa. Mama mmoja mnene aliyekuwa anachambua maharage, ndiye msimamizi wa kota, akasukuma ungo pembeni.

"Sasa si ungesema, mwanangu? Sisi tunasoma mawazo? Kipo cha mwisho kule. Ila hakina dari. Humu hakuna chenye dari, kuta zinaishia chini ya bati. Akilia huyo, analia kwetu wote."

Nikajua nimekataliwa, nikaanza kuinua ndoo yangu.

"Unaenda wapi? Nimekwambia ili ujue tunasikia yote, usije ukatutukana kwa sauti. Maziwa yaache hapo."

Nikawagawia. Nikaingia, nikamlaza mtoto kwenye kanga. Kwa joto lile plasta ikamwasha, akaachia sauti yote. Nikambana kifuani, naogopa kufukuzwa kabla sijafungua mzigo.

"Mpe nyonyo!" Sauti ya mzee wa chumba cha jirani, ikipita juu ya ukuta.

"Hataki!"

"Basi mwinue mguu, uuweke juu ya mto!"

"We mzee, ulinyonyesha lini?" akadakia mwanamke wa chumba cha mbali.

Kicheko kikapita chini ya bati, chumba hadi chumba. Mtoto akanyamaza, akakodoa macho kwenye ule uwazi wa juu, anawatafuta wanaocheka. Mto sikuwa nao. Nikakunja sweta langu, nikauweka mguu juu yake.

"Nimeuinua," nikapaza sauti.

"Haya," mzee akajibu. "Sasa na wewe kaa chini."